Kiolezo Hakikodishwi

Nikiulizwa ni programu gani ya kuchorea niipendayo kuliko zote katika hizi za bure na huria, hujibu kwa neno moja: Inkscape. Vijana hunitazama kama mtu aliyeulizwa habari za magari naye akataja baiskeli. Sioni haya. Baiskeli ndiyo iliyobeba elimu ya mkoa huu wa Singida, kutoka Manyoni hadi Nduguti, wakati magari ya idara yakiwa juu ya mawe yakisubiri vipuri. Lakini jibu la neno moja halimtoshi mtu atakaye sababu, na sababu zangu si za kompyuta tu. Ninazo hoja za ualimu, na ninao ugomvi. Msomaji anivumilie nikianza na ugomvi.

Baada ya kustaafu nilialikwa katika chuo kimoja cha ualimu, ambacho sikitaji kwa kuwa hakiko peke yake, nikaketi nyuma ya darasa la kompyuta. Wanachuo walikuwa wakifundishwa kutengeneza zana za kufundishia kwa programu moja maarufu ya kigeni. Somo la kwanza halikuwa mstari, wala duara. Somo la kwanza lilikuwa hili: zimeni kinga ya virusi. Kwa nini? Kwa sababu kinga ingetambua kwamba programu ile imevunjwa kufuli, na ingeizuia isiingie. Basi vijana thelathini na kitu, watakaokabidhiwa watoto wa taifa hili, wakazima kinga, wakabandika faili dogo la wizi mahali pa faili halali, kisha wakaambiwa wakate intaneti ili programu isije ikajieleza kwa mwenyewe. Nilimwuliza mkufunzi kwa sauti ya chini kama programu ile ilinunuliwa. Akacheka kwa heshima. "Mwalimu wangu, hapa nani ananunua?"

Chuo hicho hicho humfukuza mwanachuo akikamatwa na kikaratasi cha majibu ndani ya soksi.

Udhuru wao naujua wote. Husema kwamba bei ni kubwa. Ni kweli, bei ni kubwa. Lakini bei ya trekta nayo ni kubwa, na sijamwona mkulima wa Ikungi akivunja banda la trekta usiku halafu akasifiwa ujanja. Husema tena kwamba kampuni ni tajiri na haioni pengo. Hilo laweza kuwa kweli, na mimi siililii kampuni. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitambua programu za kompyuta kuwa kazi zinazolindwa, sawa na vitabu. Lakini hata sheria siyo iniwashayo zaidi. Kinachoniwasha ni kwamba tumemfundisha mwalimu kupata kalamu yake kwa siri. Kitu kilichopatikana kwa siri hakifundishiki kwa uwazi. Mwalimu huyo akifika shuleni hawezi kuandika katika andalio la somo programu aliyoitumia, hawezi kumwomba mwalimu mkuu aiweke katika hesabu ya vifaa, hawezi kumpa mwanafunzi nakala mbele ya mzazi. Na siku kompyuta itakapoharibika, atamtafuta tena yule mwenye flashi, naye atamletea programu pamoja na virusi vyake, na alama za muhula mzima zitageuka vijiti na vishale visivyosomeka. Waliokwisha kupatwa na hayo wanajua nisemalo.

Wapo waungwana wanaosema: basi na tulipe kihalali, tuishe maneno. Nawaheshimu, ila sidhani kama wametazama wanacholipia. Mei 2013 kampuni ya Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake za kitaalamu, Photoshop ikiwamo, yatapatikana kwa kodi, ya mwezi au ya mwaka. Yale ya kununua moja kwa moja yakawa yameishia katika toleo la CS6 la mwaka 2012. Maana yake ni kwamba hununui kalamu, unakodi. Ukiacha kulipa, kalamu inarudi kwa mwenyewe, na michoro yako inabaki katika faili ambalo huna cha kulifungulia. Kulipa kwenyewe kunahitaji kadi ya benki inayokubalika ng'ambo, na programu inahitaji kupiga hodi kwenye intaneti mara kwa mara ili ihakikishwe. Sasa mtazame mwalimu aliyepangiwa shule ndani kabisa ya Itigi.

Sisi wa huku tunaijua kodi ya zana. Asiye na ng'ombe wa kulimia hukodi plau ya jirani. Mvua zetu ni za msimu mmoja, na fupi. Mwenye plau atalima kwake kwanza, kisha kwa ndugu yake, kisha kwa aliyelipa zaidi, nawe utalimiwa wakati mtama wa wenzako umefika magotini. Hakukuonea. Plau ni yake.

Na mwenye zana naye ana mwenyewe. Oktoba 2019 Adobe ilitangaza kwamba itafunga akaunti za wateja wake wote wa Venezuela, kwa kutii amri ya Rais wa Marekani. Kabla ya mwezi kwisha ikapata kibali cha serikali yake, ikaibatilisha hatua hiyo. Lakini fikiri, ndugu msomaji, wiki zile chache zilivyokuwa kwa mchoraji wa Caracas aliyelipa kila senti kihalali. Ugomvi wa wakubwa ulipita juu ya kichwa chake, ukataka kuondoka na kalamu yake.

Walimu wa rika langu tulikuwa na desturi tofauti kabisa kuhusu zana. Nilianza kazi katika miaka ya sabini. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilikuwa limeagiza kila mtoto aingie shule, na ulipofika mwaka 1977 madarasa yalijaa kuliko madawati, chaki, na walimu wenyewe. Chati za kununua hazikuwapo. Tulichana mifuko ya saruji, tukakung'uta vumbi, tukachora kwenye karatasi za ndani zilizosalimika. Aliyejaliwa mkono mwepesi alichora ramani ya Tanzania mara moja, kwa uangalifu, akaihamishia kwenye plaiwudi nyembamba na kuikata kwa msumeno mdogo. Kuanzia siku hiyo yeyote aliweza kukishika kile kiolezo ubaoni, akakizungushia chaki, na nchi ikatoka na pwani yake na Ziwa Victoria pale juu. Kiolezo kilitembea. Kiliazimwa shule ya jirani, kikarudi na pembe ya Kagera imevunjika, ikagundishwa, kikaazimwa tena. Hakuna aliyedai kodi. Mwalimu aliyekifungia kiolezo chake kabatini alihesabiwa mchoyo, na alisemwa.

Halafu kulikuwa na mashine ya kudurufu, ile ya kuzungusha kwa mkono, na stensili zake za nta. Mchoro wa moyo ulichorwa kwa kalamu ya chuma. Mkono ukizidi kidogo tu nta inachanika, na ventrikali ya kushoto inavuja wino kuliko ilivyopasa kusukuma damu. Dawa yake ilikuwa rangi ya kucha, tuliyoiazima kwa wake zetu bila kueleza vizuri inakwenda wapi.

Siyataji haya kwa kuyaonea shauku. Wino ule ulidumu mikononi siku tatu. Nayataja kwa sababu vitu hivyo vilikuwa na sifa moja kubwa na kasoro moja kubwa, na programu ya mwalimu yapasa ishike sifa hiyo na kuiponya kasoro hiyo. Sifa ni kwamba vilipitishwa kutoka mkono hadi mkono, mchana, bila hofu. Kasoro ni kwamba havikusahihishika. Mwaka 2002 mkoa wa Manyara ukatoka katika Arusha. Mwaka 2012 ikaja Geita, Katavi, Njombe na Simiyu. Mwaka 2016 ikaja Songwe. Hapa kwetu, katika mwaka huo huo wa 2012, Ikungi ilitoka katika Singida, na Mkalama ikatoka katika Iramba. Violezo vya plaiwudi vyenye mipaka ya zamani vikawa kuni.

Hapo ndipo ninapofika kwenye hizi programu za bure na huria. Na Kiswahili kimetupa neema ambayo Waingereza hawana. Wao wana neno moja kwa mambo mawili, na kila mara hulazimika kueleza wanakusudia lipi. Sisi tunayo mawili: bure na huru. Kitu cha bure hakina bei. Kitu huru hakina bwana. Kampuni yaweza kukupa kitu bure leo kama chambo, na kesho ikakuuliza bei. Kilichokuwa bure hakikuwa huru. Mwaka 1983 Mmarekani Richard Stallman alitangaza mradi alioupa jina la GNU, na mwaka 1989 ikatoka leseni yake ya umma, ambayo kiini chake mwalimu yeyote anakijua tangu enzi za plaiwudi: itumie utakavyo, ichunguze ilivyoundwa, igawe, ibadilishe, ila ukiigawa uliyoibadilisha, mpe mwenzako haki zile zile ulizopewa wewe. Sharti hilo la mwisho ndilo linalomfunga mchoyo wa kabatini.

Lakini lugha yetu hiyo hiyo imetutegea mtego. Neno "bure" kwetu ni kitu kisicho na bei, na pia ni kitu kisicho na maana: kazi bure, maneno ya bure, amehangaika bure. Tukaongezea na "rahisi ghali". Kijana mmoja mwenye duka la vifaa vya ofisi mjini Singida, mtengenezaji hodari wa kadi za harusi na mabango ya wagombea, alinieleza kwa upole mwingi: "Mzee wangu, hizo za bure ni za wanaojifunza. Sisi wa kazi tunatumia yenyewe." Yenyewe aliyokuwa akiitumia ilikuwa imevunjwa kufuli. Yaani ya wizi ni "yenyewe", na ya halali ni ya wanaojifunza! Hapo utaona ni umbali gani tumekwenda.

Kwa kijana huyo, na kwa wote wasemao kama yeye, nina habari ya Blender, ambayo ni programu ya kuumbia michoro yenye kina na filamu za katuni. Ilikuwa mali ya kampuni ya Kiholanzi. Kampuni ilipofungwa mwaka 2002, mwanzilishi wake Ton Roosendaal aliitisha mchango wa Euro 100,000 ili wenye mtaji waiachie iwe huru. Zilipatikana kwa wiki saba, kutoka kwa watu waliotawanyika duniani. Sisi tunaochangia arusi hadi mtu anauza mbuzi tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hilo. Na Machi 2025 filamu ya Flow, ya Gints Zilbalodis wa Latvia, iliyotengenezwa kwa Blender, ilishinda tuzo ya Oscar ya filamu bora ndefu ya katuni. Nchi ndogo, programu ya bure, na wakubwa wa Marekani walikuwa wamekaa ukumbini. Hao nao walikuwa wanajifunza?

Hata hivyo simshauri mwanachuo wangu aanze na Blender. Na hapa nageukia upande wa pili, maana watetezi wa programu huria nao wana kosa lao: huchagua kwa umaarufu. Mwanachuo akitaka kuchora, rafiki humwambia, "Chukua GIMP, ndiyo Photoshop ya bure." GIMP ni programu njema. Iliasisiwa mwaka 1995 na wanafunzi wawili wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, Spencer Kimball na Peter Mattis, na bado inatunzwa. Toleo la 3.0 lilitoka Machi 2025. Picha ya kamera iliyopinda, iliyofifia, iliyomwingiza mbuzi asiyetakiwa, ipeleke huko. Lakini kijana huyo hakutaka kusafisha picha. Alitaka kuchora mfumo wa mmeng'enyo wa chakula, auone mwanafunzi aliyekaa dawati la nyuma katika darasa la watoto themanini. Akauchora kwa GIMP, ukapendeza kwenye kioo. Alipoukuza kwa karatasi ya ukutani, utumbo ukatoka na meno kama msumeno. Akasema, bure ni bure.

Kosa si la bure. Kosa ni la kutojua kwamba kompyuta ina njia mbili za kuchora. Chukua duara la katikati ya uwanja wa mpira. Waweza kulipanga kwa mawe, jiwe kando ya jiwe. Huku kwetu mawe si haba. Ukitaka duara mara tatu ya lile, ukayasogeza mawe yale yale, utapata mapengo. Ukiyabadilisha kwa mawe makubwa zaidi, utapata duara lenye mabonge. Hiyo ndiyo njia ya picha za kamera, na ndiyo njia ya GIMP, na ya Krita pia, ambayo ni ya wale wanaopaka rangi kwa mkono na ambayo naipisha kwa heshima kwa sababu mimi si msanii. Njia ya pili ni kigingi na kamba. Unachomeka kigingi, unafunga kamba, unazunguka. Ukitaka duara kubwa zaidi unaongeza kamba tu, na mstari unabaki mwembamba na safi kama ulivyokuwa. Kompyuta haihifadhi mawe. Inahifadhi agizo: kigingi kiko hapa, kamba ina urefu huu. Inkscape huchora kwa kigingi na kamba. Michoro ya darasani, iwe moyo, ua, ramani, pembetatu, saketi ya umeme au mzunguko wa maji, karibu yote ni ya kigingi na kamba.

Asili yake nayo inanifurahisha. Mestonia mmoja, Lauris Kaplinski, alikuwa na programu iliyoitwa Sodipodi. Mwaka 2003 waandishi wanne wa programu waliosaidiana naye walitofautiana naye kuhusu njia ya kufuata. Katika kampuni wangefukuzwa, na kazi yao ingebaki kwa tajiri. Lakini leseni ilikuwa huru. Wakachukua nakala, wakahama, wakajenga mji wao kama kaka wanne wanavyohama boma la baba bila kumwachia mtu njaa. Huo mji ndio Inkscape. Tangu hapo hadi kuthubutu kuliita toleo lao 1.0 ilikuwa Mei 2020. Watu wa namna hiyo, wanaokaa miaka kumi na sita kabla ya kusema kazi imekamilika, nawaamini kuliko mabango.

Lakini sababu kubwa iko ndani ya faili. Inkscape huhifadhi mchoro kwa mtindo uitwao SVG, uliopitishwa mwaka 2001 na baraza la viwango vya wavuti liitwalo W3C, na faili la SVG ni maandishi. Ndiyo, maandishi ya kawaida. Lifungue kwa ile programu ndogo ya kuandikia ambayo haikosekani katika kompyuta yoyote, utayaona: duara hili, mstari huu, rangi hii, neno hili. Maadamu mchoraji hakuyageuza maneno kuwa mistari, unaweza kutafuta "petal" ukaandika "petali", ukalihifadhi, na mchoro ukafunguka na Kiswahili chake. Fikiria maana yake kwetu, tunaofundisha shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Mchoro mmoja, lugha mbili, kazi ya robo saa. Na ikiwa Inkscape yenyewe itakufa kesho, mchoro haufi nayo, kwa kuwa haukuandikwa kwa maandishi ya siri. Ramani ya mkoa niliyoichora kwa programu hiyo haina haja ya kuwa kuni. Siku serikali itakapougawa tena mkoa, nitavuta mstari mmoja.

Acha nieleze kidogo habari ya ua, maana ndiyo iliyonishawishi kabisa. Kitabu humwonyesha mtoto ua la petali tano, jambo ambalo si baya. Lakini mtoto wa Singida akitoka nje ya darasa anakutana na ekari za alizeti, na alizeti si ua moja. Ni mamia ya maua madogo yaliyokusanyika kwenye kichwa kimoja: ya pembeni yamevaa ulimi wa njano na hayazai, ya katikati hayaonekani lakini ndiyo yazaayo mbegu tunazokamulia mafuta. Mwalimu asiyelijua hilo atamwambia mtoto kwamba ule ulimi wa njano ni petali moja ya ua kubwa, na mtoto wa mkulima atakariri uongo kuhusu shamba la baba yake. Nilitaka mchoro wa alizeti. Nilichora ulimi mmoja tu, nikaagiza programu inakili na kuzungusha, moja baada ya nyingine, hadi duara lilipojaa. Kisha nikaona ule wa kwanza ni mnene mno; nikaupunguza, na nakala zote thelathini na nne zikapungua pamoja nao, kwa kuwa nakala za namna hiyo humfuata mzazi. Mzee mwenzangu aliyekuwa ameketi karibu alisema, "Hawa wana adabu kuliko wa kwangu."

Kasoro? Zipo. Mchoro ukiwa na vitu maelfu, kompyuta kuukuu huanza kukokota miguu, na mwalimu ana nafasi ya kunywa chai. Wachapaji nao wana lawama ya haki: mitambo mikubwa huchapa kwa wino wa rangi nne, na kwa miaka mingi Inkscape imekuwa dhaifu katika kuziandaa rangi hizo. Mwenye kitabu cha kupeleka kiwandani ataipitisha michoro yake katika Scribus, programu huria ya kupangia kurasa, ambayo inazijua. Lakini shule zetu huchapa kwa printa ya wino mweusi, siku umeme ukiwapo na siku wino ukiwapo. Kwa kazi hiyo lawama ya wachapaji haitugusi.

Lawama nyingine naisikia kwa wazalendo: kwamba hizi nazo ni za kigeni, kwa nini tuzishabikie? Jibu lao lilikwisha kutolewa hapa hapa nchini. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, kwa ushirikiano na Waswidi, kilitoa Jambo OpenOffice: programu nzima ya ofisi, pamoja na sehemu ya kuchorea, iliyokuwa ikimsemesha mtumiaji kwa Kiswahili. Hawakumpigia mtu magoti. Maandishi ya ndani yalikuwa wazi, wakayafungua, wakatafsiri. Kilichofuata baada ya hapo ni aibu yetu wenyewe, si ya wageni. Vyuo vya ualimu vina wakufunzi wa Kiswahili wenye shahada mbili mbili. Ni vingapi vilivyokaa jioni moja vikajiuliza sehemu za mchoro zitaitwaje? Mimi na wanachuo wachache tulijaribu. Ile nukta ambapo mstari hukunjwa tuliiita "kifundo", kama cha mua. Ukingo wa umbo tuliuita "pindo", kwa sababu mshonaji anajua kwamba pindo laweza kuwa na rangi yake. Rangi ya ndani tukaiita "ujazo". Wapo watakaopata maneno bora, nayasubiri.

Nasikia tena kwamba mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024 imetilia mkazo stadi za amali, na kwamba kwa hiyo vyuo vinahitaji fungu la kununulia programu. Fungu la programu za kuchorea halihitajiki. Mkuu wa chuo anaweza kutoa amri Jumatatu asubuhi: kompyuta zote zifutwe vilivyovunjwa kufuli, kinga ya virusi iwashwe na isizimwe na mtu, na Inkscape, GIMP na Scribus zipakiwe kutoka kwenye flashi moja, ambayo itazibeba zote na kubakiza nafasi. Waraka wa wizara hauhitajiki. Kinachohitajika ni mkufunzi kukubali kujifunza upya mahali vitufe vilipo, na najua kutokana na miaka niliyokaa katika kiti kile kwamba hapo ndipo upinzani wa kweli utakapotokea. Watasema mambo mengi kuhusu soko la ajira na viwango vya kimataifa. Wanachokusudia ni vitufe.

Kila mwanachuo na aache chuoni michoro mitano katika SVG kabla hajapewa cheti, na kundi linalofuata liikosoe na kuisahihisha. Kwa miaka mitatu chuo kitakuwa na kabati la violezo lisilo na kufuli. Mimi nimekwisha kuanza na kumi na minne: alizeti ikiwa nzima na ikiwa imekatwa, moyo, figo, mizizi ya mtama na ya mbaazi, plau ya ng'ombe na sehemu zake, bonde la ufa kwa ubavu, ramani ya mkoa kabla ya mwaka 2012 na baada yake, na mengineyo ya hesabu. Ziwa Singidani nimelikosea umbo upande wa kaskazini kwa mujibu wa mwalimu mmoja anayekaa huko, naye ameahidi kulinyoosha. Mwenye kuitaka alete flashi, ila aipitishe kwanza kwenye kinga ya virusi.